Tongyeong: Mji wa Pwani Uliorudishiwa Jina Lake

Wasomaji wetu wengi, wasikiapo Korea ikitajwa, hufikiria Seoul na viwanda vya magari, au ule mpaka wenye waya za miba uliowatenga ndugu na ndugu. Katika makala haya twapenda kuwachukua mbali na hayo, hadi pwani ya kusini, kwenye mji mmoja wa wavuvi wenye wakazi wapatao 120,000, uitwao Tongyeong. Asiyejua Kikorea na alitamke jina hilo ‘Tong-yong’, naye atakuwa amekaribia. Asili ya jina hilo si samaki wala si kilima, bali ni jeshi: ni kifupisho cha Tongjeyeong, yaani makao makuu ya amiri wa majini. Kutoka mwaka 1955 hadi mwaka 1995 mji huo uliitwa kwa jina jingine kabisa, kisha jina la kale likarudi. Jambo hilo la majina kuondolewa na kurudishwa, ya mji na ya watu pia, ndilo lililotuvuta tuandike. Na maadamu sisi ni walimu wa lugha, msomaji atatusamehe tukikawia mahali ambapo mwandishi wa vitabu vya watalii angepita mbio.

Tongyeong umejengwa kwenye ncha ya rasi ndogo ya Goseong, katika mkoa wa Gyeongsang ya Kusini. Mbele yake kiko kisiwa cha Mireukdo, kilichotengwa na bara kwa mkono mwembamba wa bahari. Upande wa mashariki kiko kisiwa kikubwa cha Geoje. Na kati ya hivyo viwili, kuelekea bahari kuu, kiko Hansando, ambacho kila mtoto wa shule wa Korea hulijua jina lake. Visiwa vilivyo chini ya utawala wa mji huu ni zaidi ya 500, vingi vyavyo havikaliwi na mtu. Tangu mwaka 1968 sehemu kubwa ya bahari hiyo imekuwa hifadhi ya taifa iitwayo Hallyeohaesang. Visiwa huyavunja mawimbi kabla hayajafika bandarini, na kwa sababu hiyo maji ya ghuba hutulia kama maji ya mtungini.

Utulivu huo huwapa wenyeji riziki. Chaza hufugwa humo wakiwa wamening’inizwa kwenye kamba ndefu zilizofungwa katika maboya, nayo maboya yakitazamwa kutoka mlimani huonekana kama matuta ya shamba lililolimwa juu ya maji. Ifikapo miezi ya baridi wanawake husimama mabandani kutwa nzima, kisu kifupi mkononi, wakifungua kombe baada ya kombe. Sehemu kubwa ya chaza wanaoliwa nchini Korea hutoka hapa. Lakini maji hayo hayo yamewahi kuwapa Wakorea kitu kingine kilichokuwa adimu kuliko chaza, yaani ushindi.

Katika mwaka 1592 Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa ameiunganisha Japani yote chini ya mkono wake, alivusha jeshi kubwa baharini, akikusudia kupita Korea ili aishambulie China. Jeshi lilitua Busan, na katika muda wa majuma matatu hivi likawa limeingia Seoul. Mfalme Seonjo akakimbilia kaskazini. Nchi kavu mambo yalikuwa ni kushindwa juu ya kushindwa. Baharini yakawa kinyume chake. Huko alikuwako amiri mmoja, Yi Sun-sin, mwenye makao yake Yeosu upande wa magharibi, ambaye alikwenda kuwakabili Wajapani kwenye bandari ya Okpo kisiwani Geoje, akawashinda, kisha akaendelea kuwashinda.

Vita vikubwa vilipiganwa tarehe 14 Agosti 1592. Merikebu 73 za Kijapani, chini ya Wakizaka Yasuharu, zilikuwa zimetia nanga katika mlango wa bahari wa Gyeonnaeryang, kati ya Geoje na bara. Mlango huo ni mwembamba na una miamba. Merikebu kubwa za Kikorea zingegongana humo, na askari wa Kijapani, wakizidiwa, wangeruka pwani wakajiokoa. Basi Yi alipeleka vyombo vichache tu, vikajifanya kushambulia, kisha vikakimbia. Wajapani wakavifuata hadi bahari pana mbele ya Hansando. Hapo merikebu za Yi, ambazo jumla yake haikuzidi 60, ziligeuka ghafula zikajipanga nusu-duara, mpango ambao Wakorea huuita bawa la korongo, na mizinga ikalia kutoka pande tatu. Merikebu 47 za Kijapani ziliharibiwa, 12 zikatekwa, na 14 ndizo zilizoponyoka. Jeshi la Kijapani lililokuwa mbali kaskazini likakosa njia ya kuletewa chakula na askari kwa bahari ya magharibi.

Watu hupenda kusimulia habari za merikebu za kasa, zile zilizoezekwa paa lenye miiba ya chuma. Zilikuwako, ila zilikuwa chache sana. Kwa maoni yetu sifa ya siku ile yastahili kwenda kwanza kwa mtu aliyeijua mikondo ya maji ya nyumbani kwake, na aliyekuwa na subira ya kumngoja adui atoke mahali pembamba.

Mwaka uliofuata Yi alipewa cheo kipya cha amiri mkuu wa majeshi ya majini ya mikoa mitatu, akafanya makao yake Hansando. Humo ndimo alimoandika sehemu kubwa ya shajara yake, ambayo tangu mwaka 2013 imo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Anayeifungua akitarajia majigambo ya shujaa atashangaa. Yi aandika juu ya mvua na upepo, juu ya maradhi yake, mishale aliyopiga katika mazoezi, watoro walioadhibiwa, na juu ya mama yake mzee aliyemtia wasiwasi kila siku. Mwaka 1597 maneno ya fitina yalimfikia mfalme. Yi alivuliwa cheo, akafungwa Seoul, na nusura auawe. Kisha akatolewa akatumike kama askari asiye na daraja. Siku chache baada ya kutoka gerezani alipata habari kwamba mama yake, aliyekuwa safarini kuja kumwona, alikuwa amefariki chomboni. Aliyeshika nafasi yake, Won Gyun, alizipoteza karibu merikebu zote za nchi katika mlango wa Chilcheollyang karibu na Geoje, naye mwenyewe akafa. Mfalme akalazimika kumrudisha mfungwa wake. Kwa merikebu 13 zilizosalia Yi alishinda tena huko Myeongnyang, na mwezi wa Desemba 1598, katika vita vya mwisho huko Noryang, risasi ikamwua. Twamwomba msomaji aiweke moyoni habari hii ya amiri aliyefungwa na mfalme wake mwenyewe, maana tutairudia.

Vita vilipokwisha, makao makuu yalihamishwa kutoka Hansando hadi bara, mahali palipoitwa Duryongpo, mnamo mwaka 1604, na huo ndio mwanzo wa mji. Jumba kuu la makao hayo lasimama mpaka leo. Laitwa Sebyeonggwan, na limejengwa juu ya nguzo 50 za mti, pasipo kuta za kuuzuia upepo wa bahari. Jina lake lina maana ya kuosha silaha, nalo limechukuliwa katika shairi la Du Fu, mshairi wa China wa karne ya 8, aliyetamani vita vikome na silaha zioshwe ziwekwe. Twaona si jambo dogo kwamba wanajeshi waliotoka katika miaka saba ya umwagaji damu, walipotafuta jina la kuandika juu ya jumba lao, walichagua neno hilo.

Makao ya jeshi yahitaji vitu vingi zaidi ya baruti. Yahitaji kofia, mikeka, vipepeo, pazia za mianzi, matandiko ya farasi, bawaba za makasha, na zawadi za kumpelekea mfalme. Kwa ajili hiyo maamiri waliofuata walikusanya mafundi katika karakana ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa 12. Kofia nyeusi za Tongyeong, zilizosukwa kwa nyuzi za mwanzi na singa za farasi, zilitakiwa na waungwana wa nchi nzima. Lakini kazi iliyoupa mji sifa kuliko zote ni makasha na meza za rangi nyeusi zilizotiwa nakshi ya kombe. Fundi huchukua kombe la konokono mkubwa wa baharini, ambalo ndani yake hung’aa kijani, zambarau na fedha, akalisugua mpaka liwe jembamba kama karatasi. Kisha hulikata vipande vyembamba kama uzi, akavipanga kimoja kimoja juu ya mbao, akafanya korongo, mawingu, na misonobari. Juu yake hupaka utomvu wa mti maalumu, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka huachwa likauke kabla ya jingine kupakwa. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha na kuivimbisha ngozi ya asiyeuzoea. Mwisho fundi hukwangua na kusugua, mpaka lile kombe lililozama litokeze tena kutoka katika giza la utomvu. Kasha moja huweza kumchukua miezi mingi.

Mwaka 1895 serikali ilivunja makao makuu ya jeshi. Maofisa waliondoka, mafundi wakabaki. Katika sentensi hiyo fupi mna sababu ya yote yaliyofuata, kwa maana mji ulibaki na watu waliokwisha zoea, kwa vizazi kumi hivi, kwamba mtu aweza kuishi kwa kazi ya mkono wake na kuheshimiwa kwa ajili yake.

Ulibaki pia na ngoma yake ya vinyago, Ogwangdae, yenye maonyesho matano. La kwanza huchezwa na mkoma, mtoto wa ukoo bora, ambaye hucheza vidole vikiwa vimekunjamana, akililia dhambi za mababu zake. La pili ni la mtumishi mwenye ulimi mkali, anayewasuta mabwanyenye mbele ya watu. Katika la tatu atokea dubwana ambalo chakula chake ni hao hao mabwanyenye. Ngoma hiyo ilipewa hifadhi ya serikali mwaka 1964, na bado huchezwa.

Japani iliitwaa Korea mwaka 1910. Majengo mengi ya makao ya kale yalibomolewa, na Sebyeonggwan likanusurika kwa kuwa lilitumiwa kama shule. (Majengo mengine yanayoonekana leo yamejengwa upya, kazi iliyokamilika mwaka 2013.) Katika miaka ya 1931 na 1932 watawala hao walichimba handaki la kupitia chini ya bahari, lenye urefu wa mita 483, kuunganisha mji na Mireukdo. Husemwa kuwa lilikuwa la kwanza la namna hiyo katika Asia. Wenyeji husimulia kwamba Wajapani walichimba chini kwa sababu hawakutaka Wakorea wakanyage kwa juu mahali walipofia mababu zao wakiwakimbia watu wa Yi Sun-sin. Hatuwezi kuikubali hadithi hiyo kuwa ndiyo sababu, kwani wahandisi huwa na hesabu zao. Lakini yaonyesha jinsi vita vilivyokwisha pita miaka 340 vilivyokuwa bado vibichi vinywani mwa watu.

Lililowauma zaidi ni lugha. Tangu mwaka 1938 Kikorea kilisukumwa nje ya madarasa. Mwaka 1940 watu walishurutishwa kuchukua majina ya Kijapani. Mwaka 1942 wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea, waliokuwa wakitayarisha kamusi, walikamatwa, na wawili kati yao wakafa gerezani kwa ajili ya kamusi hiyo. Mtoto wa Tongyeong katika miaka hiyo alijifunza darasani kuandika jina ambalo mama yake hakumpa, kwa mwandiko ambao bibi yake hakuuona kamwe.

Basi Agosti 1945 utawala wa Kijapani ukaanguka, na mwaka huo huo vijana kadha wa Tongyeong wakaunda chama cha utamaduni. Aliyekiongoza alikuwa Yu Chi-hwan, mshairi wa miaka 37. Pamoja naye walikuwamo Yun Isang, mpiga selo na mtunzi wa muziki, aliyewahi kutiwa gerezani na Wajapani. Kim Chun-su na Kim Sang-ok, washairi. Na Jeon Hyuck-lim, mchoraji. Leo kila mmoja wa hao yumo katika vitabu vya historia ya sanaa ya Korea. Hatujui mji mwingine wa wavuvi wenye ukubwa ule uliopata kuwakalisha watu wa namna hiyo katika chumba kimoja. Nao walifanya nini? Walifungua mafunzo ya kusoma na kuandika Hangul, ule mwandiko wa Kikorea uliotangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446. Waliwafundisha watu wazima waliokuwa wamepitwa na shule, na walitembeza michezo ya kuigiza vijijini. Kisha wakaona kwamba shule zilizofunguliwa upya hazina nyimbo katika lugha yao wenyewe. Yu akatunga maneno, Yun akatia sauti, na shule kadha za Tongyeong zikapata nyimbo zake kutoka kwa watu hao wawili. Mwalimu yeyote aliyepata kusimama mbele ya ubao, akijaribu kufundisha kwa lugha ambayo jana ilikuwa ikidharauliwa katika jengo lile lile, atajua kazi hiyo ina uzito gani, wala hatuhitaji kuieleza zaidi.

Kim Chun-su baadaye aliandika shairi liitwalo ‘Ua’, lihusulo jinsi kitu kinavyokuwapo kwa mwenzake anapokitaja kwa jina. Ni miongoni mwa mashairi yanayojulikana zaidi na wanafunzi wa Korea. Wahakiki wamelifafanua kwa falsafa nyingi, nao pengine wana haki. Sisi twadhani haifai kusahau kwamba aliyeliandika alikuwa wa kizazi kilichonyang’anywa majina.

Mwezi wa Juni 1950 vita vikaja tena, safari hii kati ya Wakorea na Wakorea. Tongyeong wenyewe uliingiwa na majeshi ya Kaskazini kwa muda mfupi, ukakombolewa mwezi wa Agosti. Kisiwa jirani cha Geoje kiligeuzwa kambi ya mateka wa vita, iliyofikia kuwa na watu wapatao 170,000, na mwezi wa Mei 1952 mateka walimkamata jenerali wa Kimarekani aliyekuwa mkuu wa kambi. Sehemu ya kambi hiyo imehifadhiwa, na wageni huitembelea. Kisiwa hicho hicho kilipokea, siku za Krismasi ya mwaka 1950, meli moja ya mizigo, Meredith Victory, iliyokuwa imepakia wakimbizi wapatao 14,000 kutoka Hungnam kaskazini, nayo ikafika na watoto watano zaidi, waliozaliwa safarini. Miongoni mwa waliokimbia kutoka kaskazini alikuwako pia mchoraji Yi Jung-seop. Aliishi Tongyeong katika miaka ya 1952 hadi 1954, ambako wakati huo ilikuwako shule ya ufundi wa nakshi ya kombe. Mke wake, Mjapani, na watoto wao wawili walikuwa wamekwisha ondoka kwenda Japani kwa sababu ya njaa. Katika upweke huo alichora mafahali wenye mifupa iliyotokeza na macho ya hasira, ambao sasa hutajwa kila inapozungumzwa sanaa ya Korea ya karne ya 20. Alifariki Seoul mwaka 1956, akiwa na miaka 40, bila ya kuishi tena na jamaa yake.

Mwaka 1955 mji ulipandishwa daraja, na kwa heshima ukaitwa Chungmu, jina la sifa alilopewa Yi Sun-sin baada ya kufa kwake. Jina hilo limesalia hasa katika chakula. Wachuuzi wa bandarini walikuwa wakiwauzia abiria wa meli wali uliosokotwa katika mwani. Na kwa kuwa wali uliochanganywa na kitoweo huchacha upesi katika joto la safari, waliutenga, wali mtupu upande mmoja, ngisi na figili zenye pilipili upande wa pili. Mpaka leo Wakorea hukiita chakula hicho gimbap ya Chungmu.

Heshima kwa amiri haikuishia hapo. Serikali ya Jenerali Park Chung-hee, iliyotwaa madaraka mwaka 1961, ilimfanya Yi Sun-sin kuwa mfano wa taifa zima, na mwezi wa Aprili 1968 sanamu yake kubwa ya shaba ilisimamishwa katikati ya Seoul. Wakati huo huo, katika mji huo huo wa Seoul, yule mtunzi wa nyimbo za shule za Tongyeong alikuwa gerezani.

Yun Isang alizaliwa Sancheong mwaka 1917, lakini alipelekwa Tongyeong akingali mtoto mdogo, na ndipo alipopaita kwao. Alikuwa akisimulia kwamba baba yake alimchukua usiku kuvua, na kwamba sauti za wavuvi wakiimbiana kutoka chombo hadi chombo zilipita juu ya maji kana kwamba bahari yenyewe ni ngozi ya ngoma. Mwaka 1956 alikwenda Ulaya kusoma, kwanza Paris, kisha Berlin, na huko akajifanyia jina kwa muziki uliotumia ala za Ulaya kwa roho ya Korea, ambamo noti moja hairuhusiwi kukaa kimya mahali pake, bali hutetemeka na kupinda kama mstari wa kalamu ya burashi. Mwaka 1963 alizuru Korea ya Kaskazini. Tarehe 17 Juni 1967 majasusi wa Korea ya Kusini walimteka nyara huko Berlin ya Magharibi na kumpeleka Seoul, pamoja na Wakorea wengine waliokuwa wakiishi Ulaya. Aliteswa, akashtakiwa ujasusi, akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika seli yenye baridi alikamilisha opera ya kuchekesha, juu ya mtu aotaye kwamba yeye ni kipepeo. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ililalamika, wanamuziki wapatao 200, akiwamo Stravinsky, walitia sahihi kumtetea, na mwaka 1969 akaachiliwa, akarudi Berlin. Mwaka 1971 alichukua uraia wa Ujerumani.

Hakuiona tena Tongyeong. Mwaka 1994, nchi yake ilipokwisha kuwa na serikali ya kiraia, tamasha la muziki wake liliandaliwa na safari ikapangwa. Serikali ikataka kwanza ahadi juu ya mwenendo wake wa kisiasa, na safari ikavunjika. Alifariki Berlin tarehe 3 Novemba 1995, akazikwa huko Gatow. Mwaka huo huo wa 1995 mji wake, ukiunganishwa na wilaya iliyouzunguka, uliacha kuitwa Chungmu, ukarudia jina la Tongyeong.

Mtu atauliza: je, mji ulimpokea? Jibu si rahisi. Mwaka 2002 lilianzishwa tamasha la kimataifa la muziki, lililotokana na kumbukumbu yake, lakini likapewa jina la mji. Mwaka 2010 bustani ya ukumbusho ilifunguliwa karibu na mahali alipokulia, yenye selo yake na vitu vyake, nayo ikaitwa kwa jina la mtaa, Docheon. Kila mtu alijua ni bustani ya nani. Wapo waliomwona kuwa mtu aliyekuwa karibu mno na watawala wa Kaskazini, hata baada ya kufunguliwa, na wanaosema hivyo si wajinga wala si wachache; wengine walikuwa na jamaa waliopotelea huko. Hatuoni haki kuwafanya wawe watu wabaya wa hadithi hii. Lakini tume iliyoichunguza kesi ya mwaka 1967 ilikwisha sema, mwaka 2006, kwamba mambo yalitiwa chumvi kwa sababu za siasa, na ikashauri serikali iombe radhi. Mwaka 2017 bustani iliandikwa jina la Yun Isang. Mwaka huo huo mkewe rais wa Korea alikwenda Gatow na mkamelia mchanga uliotoka Tongyeong, ukapandwa kando ya kaburi. Mwezi wa Machi 2018 mabaki yake yakazikwa Tongyeong, mbele ya bahari, kando ya ukumbi wa muziki. Nje walikuwako waliopinga.

Hakuwa peke yake aliyerudi kwa namna hiyo. Park Kyongni, mwandishi mwanamke aliyezaliwa Tongyeong mwaka 1926, alichukua robo karne, tangu 1969 hadi 1994, kuandika riwaya yake kubwa ‘Toji’, maana yake Ardhi, habari za ukoo mmoja na nchi nzima. Mji wenyewe alikuwa amekwisha uandika mwaka 1962, katika riwaya juu ya binti za mwuza dawa mmoja. Kwa muda wa miaka hamsini hivi hakukanyaga kwao, mpaka mwaka 2004. Alifariki mwaka 2008, akazikwa Mireukdo.

Mgeni afikaye siku hizi ataonyeshwa mambo mengi. Ataonyeshwa mtaa wa Dongpirang, vibanda vya maskini juu ya kilima palipokuwa na ngome ya ulinzi ya makao makuu, ambavyo vilikusudiwa kubomolewa hadi wachoraji walipozipaka kuta zake picha mwaka 2007, wageni wakamiminika, na wakazi wakaachwa. Atapanda mlima wa Mireuksan, wenye mita 461, kwa kigari kining’iniacho kwenye waya, aione Hansando chini yake. Atavuka kwa feri hadi huko Hansando, kwenye jumba la amiri lililojengwa upya mwaka 1739. Kama anapenda kutembea kwa miguu, na ateremke katika lile handaki la mwaka 1932, ambalo sasa halipitwi na magari. Mwendo wa mita 483 chini ya maji humtoa Mireukdo. Njia moja itampeleka pwani, kwenye ukumbi wa muziki na kaburi la Yun. Nyingine hupinda kusini kwenda Sanyang, kwenye mteremko alikolazwa Park Kyongni, na bahari iliyo mbele yao ni ile ile.